Pofu wa Nyuma ya Baa

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, ninyi mliobaki kwenye kikosi cha kukamata na kuhamisha wanyama. Nimestaafu miezi mitatu sasa, na nyumba yangu hapa Bugolobi, Kampala, ina kimya ambacho ningekipenda kama nisingekuwa na sababu ya kukitilia shaka. Sababu hiyo ndiyo nitakayoiandika. Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, mtayakuta kwenye mafaili, na mafaili yenyewe yameliwa na mchwa, kwa hiyo poleni.

Nilizaliwa Nsambya, kwenye nyumba za polisi. Baba alikuwa koplo, Mwacholi asiyecheka saa za kazi, na saa zake za kazi hazikuwa na mwisho. Kambini tulisema Kiswahili kwa sababu majirani walitoka kila upande wa nchi, na mama zetu wasingeweza kugombana vizuri kwenye bomba la maji bila lugha moja. Mimi, binti yake, nilijulikana kwa sauti. Kambini asiyepaza sauti hapati maji, na kwetu hatukuwahi kulala na jerikeni tupu.

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vipya na daftari. Mkuu wa kikosi alikuwa Sajini Rajabu, mtu wa Arua, mwembamba, mwenye kofia iliyopauka hadi ikakosa rangi ya kutajika. Aliviangalia viatu vyangu, akaliangalia daftari, kisha akanipa kipande cha blanketi la kijivu chenye kamba pande mbili.

"Hii ya kufunga macho," akasema. "Mnyama akikosa kuona, nusu ya woga naisha."

"Na nusu ingine, afande?"

"Nusu ingine iko kwa masikio. Hiyo dawa yake ni wewe kunyamaza."

Sikunyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilidhani anatania.

Mwezi wa pili tulipelekwa kwenye ranchi moja upande wa Mbarara kumhamisha pofu jike. Wengi wenu mmezoea nyati na pundamilia, kwa hiyo nieleze kidogo. Pofu, ambaye wengine humwita mbunju, ndiye mkubwa kuliko swala wote wa nchi hii. Dume akikomaa anamzidi fahali wa Ankole kwa uzito. Pembe zake zimesokotwa kama kamba, ngozi inamning'inia kooni, na akitembea miguu yake ya mbele inaalika, ta, ta, ta, kama mtu anayealisha vidole. Kwa sura utamdhania ng'ombe. Usimdhanie. Pamoja na uzito wake wote anaruka ukuta uliomzidi mtu kimo, tena bila kupiga mbio kwanza. Na ana udhaifu mmoja: hakimbizwi. Ukimkimbiza muda mrefu akiwa na hofu, misuli yake inajiunguza ndani kwa ndani. Utamkamata, utampa maji, utamwombea dua, na kesho yake atakufa mbele yako huku anakutazama.

Hayo nayajua leo. Siku ile wachungaji wa ranchi walikuwa wakipiga madebe na kupiga mayowe ili kumsukuma jike yule kwenye wavu, na mimi nikaona hapa ndipo mahali pa kipaji changu. Nilitoa sauti ya bomba la maji. Nilikimbia nyuma yake nikipiga kelele kuliko wanaume wote, na alipoingia wavuni nilijiona shujaa. Sajini Rajabu alikuwa ng'ambo ya pili ya bonde akitupungia mikono yote miwili. Nilidhani anatushangilia.

Jike yule alikufa asubuhi iliyofuata. Alikuwa na mimba. Sajini aliniambia nikae naye mpaka mwisho, nikakaa, nikiwa nimemshika shingo na lile blanketi la kijivu likiwa limelowa machozi yake na yangu. Nilisubiri kugombezwa. Sajini alikuja, akachuchumaa, akasema polepole, "Sauti yako mimi nimesikia toka ng'ambo. Sasa yeye je, alikuwa karibu?" Akaondoka. Hakuirudia habari hiyo hata siku moja, na ningefurahi zaidi kama angenichapa.

Baada ya hapo ndipo alipoleta desturi ya kahawa. Mnazijua zile punje za kahawa kavu wanazotafuna Waganda mgeni akifika. Kabla ya kila ukamataji alitugawia punje moja moja, tunaiweka chini ya ulimi. Kazi ikiisha, kila mtu anatema punje yake kiganjani na kuionyesha. Punje nzima, umefanya kazi. Punje iliyotafunwa, umefungua mdomo, na safari ijayo utabaki garini. Tulijifunza kusema kwa mikono. Tulijifunza kufunga minyororo kwa vitambaa isilie. Sajini alipenda kutuambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa miaka mingi niliamini methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya kikosi chetu.

Alipostaafu aliniachia kikosi, kofia na mfuko wa kahawa. Kofia niliichoma. Kahawa niliishika kwa ukali kuliko yeye mwenyewe. Wale mlionifahamu mnakumbuka: niliwahi kumwacha dereva porini kwa nusu siku kwa sababu alipiga chafya akaomba radhi. Chafya ningeisamehe. Radhi ndiyo iliyoniudhi. Mlinipa jina la Bubu, mkidhani sijui. Nilijua, na sikuchukia, maana kila mnyama tuliyemshusha garini mzima nilimhesabu kama deni ninalomlipa yule jike. Sikuwa tayari kumwona pofu mwingine akinifia mikononi.

Sasa nifike Kabalagala, ule mtaa wa mabaa hapa Kampala.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Jumatatu asubuhi polisi walipiga simu kwamba kuna mnyama mwenye pembe anatembea barabarani mbele ya maduka, na kwamba si ng'ombe, ingawa mashahidi wawili walikuwa wameapa ni ng'ombe wa kizungu. Tulipofika alikuwa amesharudi kwao mwenyewe. Kwao kulikuwa uwanja wenye ukuta nyuma ya baa moja, kati ya jiko la kuchomea nyama na rundo la kreti za soda. Nikachungulia getini. Dume la pofu, kubwa kuliko lolote nililopata kuliona porini, lilikuwa limesimama linatafuna maganda ya matoke, na redio ya jikoni ikiimba.

Mwenye baa alikuwa amemnunua akiwa ndama, kinyume cha sheria, ili wateja wapige naye picha. Aliposikia gari letu alitoka kwa mlango wa pili na hajaonekana mpaka leo. Aliyebaki alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, mpishi wa pale, mwanamume wa makamo mwenye aproni yenye kila kitu alichopika wiki ile. Yeye ndiye aliyemlea mnyama huyo miaka sita kwa maganda ya matoke na machicha ya pombe.

"Anaitwa Meneja," akaniambia. "Kwa sababu kila jioni anapitia meza moja moja, anaangalia, halafu anaenda zake bila kusaidia mtu."

Ofisi ilitoa amri siku ileile. Tumwondoe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Tukishindwa, polisi watampiga risasi, kwa sababu aliporuka ukuta aliangukia pikipiki, na safari nyingine angeweza kumwangukia mwenye pikipiki. Sikuwa na la kubisha. Konstebo mmoja alikuja mchana uleule kuangalia mahali atakaposimama na bunduki.

Mtauliza kwa nini hatukumpiga sindano ya usingizi. Dakta Kizito, daktari wetu wa wanyama, alikataa na alikuwa sahihi. Mnyama akipigwa sindano hukimbia dakika kadhaa kabla ya kulala, na huyu angezikimbia dakika hizo katikati ya watu. Tena alikuwa mnene kwa machicha, tumbo limejaa, na Dakta hakuwa na hakika kwamba akilala ataamka. Kilichobaki ni aingie mwenyewe kwenye sanduku la kusafirishia, kwa miguu yake, bila kushurutishwa. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua kuliko mtu yeyote Kampala, au ndivyo nilivyojidanganya.

Jumanne tulitundika maturubai kwenye kuta, tukaweka sanduku getini na majani mabichi ndani. Nikazima redio. Nikamwamuru Wafula na wenzake wote watoke. Nikawaendea wenye maduka ya jirani mmoja mmoja kuwaomba wazime muziki, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza Kabalagala kusikia ndege wake. Nikagawa kahawa. Tukaingia uwanjani watu watano kama watu wanaoingia msikitini.

Meneja aliacha kutafuna. Akainua kichwa, masikio yakaanza kuzunguka. Akaanza kutembea kando ya ukuta, ta, ta, ta, akazunguka mara tano, mara kumi, na povu likamtoka mdomoni. Kisha akalipiga turubai kwa kifua na sote tukarudi nyuma. Nikaashiria tutoke. Nilijiambia hatukuwa kimya vya kutosha.

Kwa hiyo Jumatano nikaongeza kimya. Niliwavua watu viatu. Nilifunga bawaba za mlango wa sanduku kwa pamba. Hata kuku wa jirani niliwahamisha. Safari hii Meneja hakuzunguka, aliruka. Kwato zake za mbele zilivunja matofali ya juu ya ukuta, akaanguka nyuma, akasimama anatetemeka mapaja, anahema kwa mdomo wazi. Tulipotoka nje Dakta Kizito alitema punje yake akaniambia, "Afande, akifanya hivi mara ya tatu, kesho kutwa tunazika. Hiyo risasi haitahitajika." Nililitambua tetemeko lile la mapaja. Nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu miwili, Mbarara, nikiwa na viatu vipya.

Alhamisi asubuhi Wafula alikuwa amesimama nje ya geti, mahali nilipomfukuzia, bado na aproni.

"Afande, naweza sema kitu?"

"Kesho," nikamwambia.

"Kesho atakuwa nyama."

Nilikuwa na majibu matatu makali mdomoni, nikayameza. Akaendelea kwa ile sauti ya mpishi anayemweleza mteja kwamba samaki wameisha. "Huyu amekulia kwa makelele. Hapa mziki haulali, watu wanabishana, sufuria zinaanguka, yeye analala tu. Kimya alikiona mara moja. Ile korona, baa zikafungwa, kila mtu akaenda kwao. Mimi nikawa napanda ukuta na gunia ya maganda, lakini kufika ilikuwa shida, askari kila kona. Kuna wakati nilikaa siku nne bila kufika. Nikamkuta amekonda, anakula rangi ya mlango. Sasa wewe unakuja, unanyamazisha kila kitu, unafukuza mimi. Afande, kwake kimya ni njaa. Anajua tumeenda tena."

Nilisimama pale getini nikaona aibu, na siitafutii neno lingine. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikiwaziba watu midomo na kujisifu kwamba nawasikiliza wanyama. Mnyama alikuwa amenieleza siku mbili mfululizo, kwa povu na kwa kwato, na mimi nikazidi kufunga minyororo kwa vitambaa. Nilikuwa namwogopesha huyu kwa dawa ya yule wa Mbarara.

Alhamisi yote tulimwacha apumzike, Wafula akiwa ndani naye, jiko likiwaka. Ijumaa asubuhi niliwakusanya watu wangu na kuwaambia hakuna kahawa. Walitazamana. Nikawaambia waongee, wote, kila mtu na la kwake, bila kupaza sauti. Hakuna aliyefungua mdomo. Walidhani nawapima.

Basi nikaanza mwenyewe. Niliwasha redio, nikaingia uwanjani, nikamweleza Meneja kisa cha mama yangu na mke wa koplo Odongo waliopigania zamu ya bomba hadi bomba likang'oka, na kambi nzima ikakaa bila maji siku tatu, na wao wawili wakawa mashoga hadi kufa. Sauti ilikuwa ileile ya Nsambya, nimeipunguza tu. Sikio moja la Meneja likanigeukia. Waosha vyombo wa baa, niliowarudisha jikoni, walianza kuvigonganisha vyombo vyao. Mmoja wa vijana wangu akacheka, kisha akaanza kusimulia habari za harusi ya dada yake, na mwingine akabisha kwamba yeye alikuwapo na mambo hayakuwa hivyo.

Wafula aliketi mdomoni mwa sanduku kwenye kigoda, anamenya matoke, anaongea bila kituo. "Kuja, Meneja. Leo kuna mingi. Wewe si ulisema jana haukushiba?" Akimaliza ndizi moja anasogeza kigoda ndani hatua moja. Meneja anasogea hatua moja. Kazi ilikuwa ya kiasi hicho: ndizi moja, hatua moja.

Saa tano ilipita. Konstebo alikuwa amesimama kwenye ngazi ya jikoni na bunduki yake, anaangalia saa.

"Nyabo, mama, saa sita iko karibu. Mimi oda yangu iko wazi."

"Naijua. Wewe pia ongea."

"Mimi niongee nini?"

"Chochote. Mwambie kitu kinachokuuma."

Akafikiri. Kisha akaanza kumweleza pofu jinsi timu yake ya mpira ya Uingereza inavyomwonea kila msimu, ikianza vizuri, ikifika mwezi wa tatu inalala kama mgonjwa, kipa hapana shika, beki hapana kaba, na yeye bado analipia televisheni. Aliongea kwa uchungu wa kweli. Meneja alimsikiliza hadi katikati ya msimu wa pili, akageuka, akaingia sandukuni. Ta, ta, ta juu ya mbao. Wafula alitoka kwa kilango cha mbele akiwa bado anamenya, nami nikashusha mlango taratibu nikiendelea na habari za koplo Odongo, maana niliogopa kuziacha njiani. Ilikuwa bado robo saa.

Mkiandika kanuni zenu, msiifute ile ya kimya. Imeokoa wanyama wengi. Andikeni tu chini yake kwamba kabla ya kugawa kahawa muulizeni aliyemlisha.

Wafula alisafiri nasi hadi hifadhi ya Ziwa Mburo, mdomo kwenye kidirisha cha sanduku, anaongea njia nzima. Tulipofika sauti ilikuwa imemkauka. Kwenye mteremko kulikuwa na kundi la pofu, majike na ndama, wanakula bila habari nasi. Tuliegesha mbali, nikamvuta Wafula pembeni.

Hapo ndipo palikuwa na kazi ngumu kuliko yote, na ilikuwa yake peke yake. Nilimweleza kwamba Meneja akitoka atatafuta sauti. Akiipata atabaki nasi, na tukiondoka ataitafuta kwingine, atashuka kwenye mashamba ya watu, na siku moja atakutana na mkuki. Ili aende kwa wenzake ilikuwa lazima akikose alichokizoea.

"Nisimwambie hata kwaheri?"

"Hata kwaheri."

Akapangusa mikono kwenye aproni. Nikatoa mfuko wa Sajini Rajabu, nikampa punje moja ya kahawa, nikamwonyesha mahali pa kuiweka. Nikachukua moja na mimi. Kisha nikanyanyua mlango.

Meneja alitoka polepole, akasimama kwenye majani ambayo hakuwa ameyakanyaga tangu udogo wake. Akageuka kutukabili. Masikio yote mawili yakaja mbele. Alikuwa anatusubiri tuseme kitu. Akapiga hatua moja kutujia, kisha ya pili. Wafula alishika mlango wa gari kwa mikono miwili, taya limekaza, machozi yanamshuka hadi kwenye aproni ambayo alikuwa hajaivua tangu Kabalagala. Hakuna aliyepumua kwa nguvu. Sijawahi kukisimamia kimya kirefu kama kile, na sijawahi kukichukia kama siku ile.

Meneja alisubiri. Kisha akainamisha kichwa, akanusa majani, akayaonja. Akageuka kuelekea mteremkoni, ta, ta, ta, mpaka hatukusikia tena.

Tuliketi kwenye bampa ya gari. Wafula alitema punje yake kiganjani akanionyesha, kama nilivyomfundisha. Ilikuwa nzima. Mimi sikumwonyesha yangu. Nilikuwa nimeisaga unga kwa meno.